Deni Lina Namba ya Gari

Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe mmoja Tabata, Dar es Salaam, watu wanne wameizunguka Noah ya rangi ya fedha: mwenye gari, dalali, fundi, na mama mmoja muuza vitenge anayetaka kununua gari lake la kwanza. Fundi amekwishalala chini kuchungulia kama kuna oili inayovuja. Amewasha injini, ameinamisha sikio, ameridhika. Bei imebaki kidogo tu wapatane. Ndipo mama anapotoa simu kwenye mkoba, anafungua mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia faini, anaingiza namba ya gari, na kuanza kusoma kwa sauti kama anayesoma orodha ya michango ya harusi.

Mwendo kasi, Msoga. Mwendo kasi, Dumila. Mwendo kasi, Dumila tena. Kuovateki penye mstari usiokatika. Kupita taa nyekundu. Anaendelea mpaka anafika kosa la tisa. Kila kosa ni 30,000, na jumla ni 270,000.

Mwenye gari anatazama pembeni. "Mama, mimi hata leseni sina. Gari alikuwa nalo dereva."

"Dereva mwenyewe yuko wapi?"

"Aliacha kazi mwaka jana. Nasikia siku hizi yuko kwenye mabasi."

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye jibu hilo. Makosa tisa yamebaki chini ya mwembe, yamenasa kwenye kibao cha namba. Aliyeyatenda amekwenda zake na leseni yake mfukoni, na huenda saa hii ana abiria hamsini nyuma ya mgongo wake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, na imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Kwa miaka mingi askari wa usalama barabarani alitembea na kitabu cha karatasi na peni. Siku hizi ana mashine ndogo mkononi, mfano wa zile za kutolea risiti dukani. Anaandika namba ya gari, anachagua kosa, mashine inatema karatasi yenye kontroli namba, na mtu analipa kwa simu au benki. Kwa magari faini ya kosa moja ni 30,000. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, maana kipato cha mwenye pikipiki na cha mwenye lori havilingani hata kidogo.

Mfumo huu umesaidia. Fedha inakwenda serikalini moja kwa moja, haipiti kwenye kiganja cha mtu. Deni halipotei kwa sababu karatasi imelowa mvua. Mnunuzi wa gari la mkononi, kama huyu mama wa vitenge, anajua anachonunua kabla hajatoa shilingi. Na gari lenye madeni mengi likisimamishwa barabarani, linaweza kuzuiwa mpaka lilipiwe.

Lakini aliyeingiza namba ya gari anapata historia ya gari. Kama Noah hii imeendeshwa na madereva watatu, mmoja mpole na wawili wenye miguu mizito, makosa yote yanaingia chungu kimoja. Na akilipa mwenye gari, chungu kinaoshwa kikawa cheupe. Hakuna kinachobaki cha kumwambia tajiri mwingine, au kampuni ya basi, kwamba kijana huyu aliyeleta barua ya maombi alinaswa kwa mwendo kasi mara mbili mahali pale pale.

Kuna njia nyingine ya kuosha chungu, nayo inajulikana na kila aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha gari la abiria. Dereva anapigwa mkono, anaweka gari pembeni, anashuka na leseni ndani yake kukiwa na noti iliyokunjwa. Wanazungumza nyuma ya gari dakika mbili. Anarudi, anafunga mlango, anasema "tumeyamaliza." Watu wengi hulihesabu jambo hilo kama hasara ya hazina ya taifa, na ni kweli. Ila hasara ya pili haitajwi sana: ile elfu tano ya soda imefuta faini na imefuta kumbukumbu kwa pamoja. Kwa vitabu vya dola, gari lile halikupita pale siku ile, wala halikukimbia.

Zamani za mwanzo, swali la nani alikuwa anaendesha halikumsumbua mtu. Kesi ya mwendo kasi inayotajwa kuwa ya kwanza Uingereza ilitokea tarehe 28 Januari 1896, katika kijiji cha Paddock Wood, mkoani Kent. Bwana Walter Arnold, mfanyabiashara wa magari, alipita kijijini kwa maili 8 kwa saa, yaani kama kilomita 13, mahali ambapo kikomo kilikuwa maili 2. Askari alimwona, akarukia baiskeli, akamfukuza kwa maili 5 mpaka akamkamata. Kosa la mwendo lilimgharimu Arnold shilingi moja ya enzi hiyo. Kijiji kizima kilijua dereva ni nani, kwa sababu gari lilikuwa moja na uso wake ulikuwa wazi.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, mama aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari la maonyesho katika viwanja vya Crystal Palace, London, akafa. Anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari nchini humo. Inasimuliwa kwamba afisa aliyechunguza kifo chake alisema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote duniani.

Tangu Paddock Wood, askari ameshuka kwenye baiskeli na kushika tochi. Tochi, kwa asiyeijua, ni kile kifaa cha kupima mwendo ambacho askari hukielekeza kwa gari linalokuja kama mtu anayelenga ndege. Mwanga wake hauonekani. Unaligonga gari, unarudi, na kwa kuhesabu muda wa kwenda na kurudi kifaa kinajua gari linakimbia kiasi gani. Kinapiga na picha. Mara nyingi aliyeshika tochi hasimamishi mtu: anarusha picha kwa mwenzake aliyeko kilomita kadhaa mbele, na dereva anashangaa kuonyeshwa kwenye simu gari lake mwenyewe, namba zikisomeka vizuri, na chini yake tarakimu 74 mahali pa 50.

Madereva nao hawakukaa kimya. Wanawashiana taa. Gari linalotoka Morogoro linaliwashia linalotoka Dar es Salaam, mara mbili haraka haraka, na tafsiri yake ni moja: mbele wapo. Dereva aliyekuwa 110 anateremka mpaka 48, anapita mbele ya askari akiwa amenyooka kama bwana harusi, anakunja kona, anakanyaga tena. Hisani hiyo ya kuwashiana taa inafanywa kwa moyo mweupe, na anayefaidika nayo zaidi ni yule ambaye askari alimsubiri kwa haki.

Kuna malalamiko ya kweli pia. Dereva mwangalifu husema vibao vya 50 vimesimikwa hata mahali pasipo na nyumba, na kwamba kibao cha kumaliza 50 hakionekani, kimeng'olewa au kimefunikwa na matawi. Husema tochi hukaa mahali pa kuvuna, si mahali pa ajali. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa na wanaosimamia barabara, kwa sababu dereva akiona kibao cha uongo mara tatu, cha nne hakiamini, hata kama cha nne ndicho kilichowekwa mbele ya shule.

Na mbele ya shule hesabu ni kali. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kinawafundisha wanafunzi wa udereva kwamba gari linalokwenda maili 30 kwa saa, karibu na kilomita 48, linahitaji mita 23 ili lisimame: mita 9 za dereva kushtuka na kukanyaga breki, na 14 za breki zenyewe kufanya kazi. Likiwa maili 50, yaani kilomita 80, linahitaji mita 53. Hiyo ni kwenye lami kavu, kwa gari zima, na kwa dereva aliye macho. Ukichukua mtoto anayevuka barabara ya Chalinze na begi mgongoni, akatokea mita 30 mbele ya gari, basi dereva wa kwanza anasimama akiwa bado na mita 7 mbele yake. Yule wa pili, mtoto anapofikiwa, breki hazijamaliza hata nusu ya kazi yake. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Kwa hiyo anayepigwa tochi mara mbili Dumila ana mazoea, na mazoea hayo anahama nayo kutoka gari hadi gari. Nchi kadhaa zimejaribu kuyaandika mazoea hayo kwenye leseni ya mtu.

Uingereza inatumia alama. Mwendo kasi unampa dereva alama zisizopungua 3, pamoja na faini. Akifikisha 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida ananyang'anywa leseni kwa miezi sita au zaidi. Dereva mpya, aliyefaulu mtihani chini ya miaka miwili iliyopita, akifikisha 6 leseni inafutwa na anaanza upya kama mwanafunzi. Kamera ikipiga picha gari bila kulisimamisha, mwenye gari anapelekewa barua na anatakiwa ndani ya siku 28 amtaje aliyekuwa anaendesha. Jibu la "alikuwa nalo dereva" halitoshi, jina linatakiwa. Akikataa kulitaja, kosa linakuwa lake, tena lenye alama 6.

Uzito wa alama hizo ulionekana wazi katika kisa cha mwanasiasa Chris Huhne. Mwaka 2003 gari lake lilinaswa na kamera likikimbia kwenye barabara kuu ya M11, naye alikuwa karibu na kupoteza leseni kwa alama alizokuwa nazo tayari. Mkewe, mchumi Vicky Pryce, akajaza barua kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Faini ya kosa lenyewe ilikuwa ndogo mno kwa watu wa kipato chao. Miezi michache baadaye Huhne alikamatwa akitumia simu huku anaendesha, na leseni aliyokuwa anailinda ikafungiwa vivyo hivyo. Siri ile ilikaa miaka. Akawa waziri wa nishati, ndoa ikavunjika, mambo yakatoka hadharani. Februari 2012 alijiuzulu uwaziri, na tarehe 11 Machi 2013 yeye na Pryce walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja. Watu wawili wenye uwezo waliingia jela kwa ajili ya alama tatu, ilhali faini wangeilipa bila hata kuangalia salio.

Ufini wao wamechagua njia ya mfuko. Kule faini ya mwendo kasi mkubwa hupimwa kwa kipato cha mkosaji. Mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf wa visiwa vya Åland alikutwa na 82 mahali pa 50, akatozwa euro 121,000. Kwa shilingi 30,000 za Tanzania kinyozi anapoteza mapato ya siku nzima, na mwenye malori ishirini hana habari.

Hata bima huku kwetu haimjui dereva. Bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu, hutozwa kwa kuangalia aina ya gari na matumizi yake. Aliyeendesha miaka ishirini bila mkwaruzo na aliyegonga mara nne mwaka jana wanalipa sawa.

Afrika Mashariki haijalala. Kenya, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alianza kutekeleza kanuni zake tarehe 1 Februari 2004. Watu wengi wanakumbuka mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mstari wa manjano ubavuni mwa matatu, na abiria 14 bila wa kuning'inia. Lakini ndani ya kanuni hizo kulikuwa na kipengele kidogo: picha ya dereva ibandikwe ndani ya gari, mahali ambapo abiria anaiona. Uso ulirudi, kama kule Paddock Wood.

Uganda ilijaribu kwa kamera na mitambo. Faini za kielektroniki za mwendo zilipoanza kukamata watu Juni 2025, zilizua kelele kubwa na utekelezaji ukasimamishwa baada ya siku chache. Sehemu kubwa ya kelele ilikuwa ya ukubwa wa faini, shilingi za Uganda 200,000 au 600,000 kutegemea mwendo. Hata hivyo swali la chini ya mwembe lilikuwapo na huko, kwa sababu kamera husoma kibao cha namba.

Tanzania, hatua iliyokwenda mbali zaidi imechukuliwa kwenye mabasi. LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliyoanza kazi 2019, inafuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa satelaiti: basi likivuka mwendo ulioruhusiwa, taarifa inaonekana ofisini wakati gari bado linakimbia. Kilichoongezwa juu yake ni kitufe cha utambuzi wa dereva. Ni kidude kidogo cha chuma, ukubwa wake kama betri ndogo ya duara, kinachoning'inia kwenye funguo. Dereva anakigusisha kwenye kifaa kilicho karibu na usukani, na kuanzia hapo safari ni ya kwake kwa jina. Wakibadilishana usukani Dodoma, mwenzake anagusisha cha kwake. Dereva mwenyewe hupewa mtihani na kuthibitishwa kwanza. Mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24 mwaka 2023, baada ya zuio la usiku lililodumu tangu miaka ya 1990, kitufe hicho kilipata maana zaidi, kwa sababu saa tisa usiku hakuna abiria anayeangalia nani ameshika usukani.

Kwa dereva wa Noah, wa fuso ya nyanya, wa gari la shule au wa bosi, kitufe hicho hakipo. Leseni yake ina picha, alama za vidole na madaraja, na kwa 70,000 anaihuisha kwa miaka mitano. Anaweza kufungiwa leseni, na kila mwaka wapo wanaofungiwa, hasa baada ya tukio kubwa au video iliyosambaa mitandaoni. Yale madogo madogo ya kila wiki, 68 hapa na 74 pale, hulipwa na mwenye gari, yakasahaulika. Kuyahamishia kwenye leseni hakuhitaji mashine mpya: askari aliyesimamisha gari anaishika leseni hiyo mkononi, namba yake ikiwa mbele ya macho yake. Kinachohitajika ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo, yaani tajiri anayeajiri, kampuni ya bima na ofisi inayohuisha leseni, kuwa na mahali pa kuiuliza namba hiyo na kupata jibu.

Chini ya mwembe, dalali amepata suluhu. Zile 270,000 zipunguzwe kwenye bei, mama alipe mwenyewe. Mama anakubali, lakini anataka kwanza kusikia ile orodha inahusu nini, maana gari lililovuka taa nyekundu anaogopa lisije likawa limegonga mtu. Mwenye gari anatafuta namba ya yule dereva wake wa zamani, anapiga, anaweka spika.

Simu inaita mara mbili, inapokelewa. Nyuma ya sauti kuna ngurumo ya injini kubwa, honi, na mtoto anayelia.

"Bosi! Shikamoo bosi. Nisikilize, naovateki lori hapa, nikimaliza nakupigia."